Eliakim na Ukuta wa Vyumba Vitatu

Eliakim Ondiek alijulikana pale Langas, mtaa wa Eldoret, kama mtu anayebisha mlango wako, anakusalimia vizuri, anauliza habari ya watoto, halafu anaomba kuingia atazame ukuta wa chumba unacholala. Watu walimzoea. Lakini wageni waliokuja kutembelea ploti aliyopanga walishtuka, na jirani yake Mama Angeline alilazimika kuwaeleza.

"Msimwogope," alisema. "Huyo hataki kitu. Anaangalia tu."

"Anaangalia nini?"

"Ukuta."

Mama Angeline, jina lake la nyumbani Benta, alikuwa akipika chai na mandazi mbele ya lango la ploti, na mimi nilikuwa mteja wake wa kila siku. Kazi yangu ilikuwa kupaka chokaa. Wakati huo, mwaka wa themanini na nane, chokaa ilikuwa na soko Eldoret, kwa sababu kila kulipokuwa na mgeni mkubwa au sikukuu ya chama tawala, maduka na nyumba za kupanga zote zilitakiwa ziwe nyeupe.

Eliakim alikuwa ametoka upande wa ziwani miaka minne nyuma, akaandikwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, idara ya rangi. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya birika kubwa na kuhakikisha kitambaa kinatoka rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi ilikuwa kaki, au kijani cha sare za shule. Kama doa dogo lilitokea, mita zote zilirudi ndani. Mikono yake ilikuwa na rangi hadi kwenye viwiko, na Benta alipenda kumwambia kwamba ukitaka kujua shule gani imeagiza yunifomu wiki hii, mtazame Eliakim akila mandazi.

Ploti yenyewe ilikuwa ya Mzee Mburu. Zamani lilikuwa jengo moja refu, ghala la magunia ya mahindi nyuma ya kinu cha posho. Mzee Mburu alipoacha mambo ya mahindi, aligawanya ghala kwa plaiwudi akapata vyumba vitatu vya kupanga. Ukuta wa nyuma, ule wa mawe, ulibaki mmoja. Ulianzia chumba cha Nicholas, kapera aliyekuwa fundi wa magari, ukapita chumba cha Mama Angeline, ukaishia chumba cha Eliakim.

Siku moja chokaa ya zamani ilibanduka nyuma ya kitanda cha Eliakim, na chini yake kikatokea kiatu. Kilikuwa kimechorwa kwa makaa, na kilikuwa na tundu, na kwenye tundu kulikuwa na kidole gumba cha mguu kikichungulia nje kama kinauliza kama mvua imeisha. Eliakim alichukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta taratibu. Kiatu kilipata mguu, na mguu ulipata suruali ya bluu. Kisha picha ikaingia nyuma ya plaiwudi, ikaenda kwa Mama Angeline.

Hapo ndipo alipoanza kubisha milango.

Kwa miezi mitatu alifuta ukuta wa vyumba vyote vitatu. Ilikuwa picha ya harusi. Kwa Nicholas kulikuwa na mtu anapiga tarumbeta. Kwa Mama Angeline kulikuwa na bibi harusi aliyevaa gunia, na meza ndefu, na juu ya meza ndege mmoja tu, ananyonyolewa manyoya. Kwa Eliakim walikuwa wageni wengi wanangoja ndege huyo, na wa mwisho kabisa ndiye mwenye kiatu cha tundu. Nicholas alilalamika kwamba tarumbeta ile ilielekezwa kwenye mto wake wa kulalia. Pembeni ya tarumbeta kulikuwa na majina matatu ya makaa: Kidole, Bibi Gunia, Blu.

Niseme mapema ili nisimsumbue msomaji. Blu ni mimi.

Kati ya mwaka wa sabini na tisa na themanini na mbili tulikuwa kikundi kidogo kilichocheza michezo ya kuchekesha ndani ya ghala lile, Jumapili baada ya kanisa. Hatukuwa na kibali cha DC, mkuu wa wilaya. Hatukuwa hata na jukwaa. Watu walikaa juu ya magunia, sisi tukasimama penye nafasi. Tulicheka wenye nyumba, tukacheka mafoomeni wa viwandani, tukacheka mama wakwe. Mimi sikuweza kusimama mbele ya watu hata kusema jina langu, kwa hiyo nilipewa ukuta. Nilichora kwa makaa, udongo mwekundu wa barabarani, na blu ya kufulia niliyochanganya na uji. Mwaka wa themanini na mbili, baada ya mambo ya Agosti, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali, mmoja wetu aliitwa kuhojiwa akakaa huko wiki mbili. Aliporudi hatukumwuliza kitu. Tuliacha, kila mtu akaenda njia yake, na Mzee Mburu akapaka chokaa.

Sasa huyu Eliakim alikaa nami kwenye benchi la Mama Angeline, chai mkononi, akinieleza habari za Blu, ambaye aliamini ndiye aliyechora picha yote.

"Fundi Wilson," alisema, "huyo mtu alikuwa mrefu. Futi sita, labda na zaidi. Umeona tarumbeta iko juu namna gani?"

Mimi huwa nasimama juu ya ndoo kupaka juu ya mlango. Wakati wa tarumbeta nilisimama juu ya magunia kumi na mawili ya mahindi. Nilikunywa chai yangu.

"Na alikuwa amesoma," Eliakim aliendelea. "Chuo kikuu, nafikiri. Angalia wale wageni. Watu kumi na saba, na hakuna hata mmoja unayeona mkono wake. Wote wameficha. Mfukoni, nyuma ya mgongo, chini ya meza. Unajua hiyo ni nini?"

"Sijui."

"Ni sisi. Watu wasio na uwezo. Mikono imefungwa. Huyo mtu alikuwa na akili, fundi!"

Ukweli ni kwamba sikujua kuchora mkono. Mpaka leo sijui. Vidole vinanishinda, vinatoka vingi au vichache, kwa hiyo mtu wangu yeyote nilimpa mfuko. Lakini ungemwambiaje Eliakim? Mimi niliishia darasa la saba kule Sugoi. Kila jioni nilisikia Blu akisifiwa, mrefu, msomi, shujaa, nikaanza kumpenda Blu huyo kuliko nilivyojipenda mwenyewe. Nikaona haya kumharibia.

"Unamtafuta wa nini?" Mama Angeline alimwuliza. "Akupe nini?"

Eliakim akanyoosha mikono yake ya rangi. "Mimi natengeneza kaki siku nzima, Mama Angeline. Mita elfu na elfu, na hakuna mtu atawahi kuuliza nani alitia rangi. Huyu naye alifanya kitu ambacho hakuna foomeni alimwambia afanye. Nataka tu nimsalimie kwa mkono. Nimwambie nimeona."

"Na ukimsalimia?"

"Basi, nirudi kazini."

Siku ya Jumatatu moja Mzee Mburu alikuja na kofia yake, akaingia chumba cha Mama Angeline, akatoka mbio kuliko alivyoingia.

"Hiyo kuku ni nini pale?"

"Ni ndege tu, Mzee," Mama Angeline akasema.

"Ndege gani? Ana upanga kichwani! Hiyo ni jogoo. Na ananyonyolewa!" Alishusha sauti. "Mama, jogoo ni alama ya chama. Jumapili vijana wa chama wanapita hapa kukagua usafi. Wakikuta kwa ploti yangu jogoo ananyonyolewa, mimi nitasema nini?"

Ndege wangu alikuwa kanga. Katika mchezo, bibi harusi alikuwa amemkimbiza kanga porini asubuhi yote kwa sababu chakula kiliisha. Lakini kanga wangu alinishinda kama mikono ilivyonishinda, na kile kichwa chake kikatoka na upanga.

"Hata kama ni bata," Mzee Mburu alisema, "mimi sitaki ndege yeyote kwa ukuta. Fundi Wilson! Jumamosi unapaka chokaa vyumba vyote vitatu. Vizuri. Mikono miwili, mmoja juu ya mwingine."

"Sawa, Mzee," nikasema. Ningesema nini?

Eliakim aliporudi kutoka kazini na kusikia, alikaa chini bila kuchukua chai. Zilibaki siku tano. Hakubishana na Mzee Mburu, kwa sababu chumba kilikuwa cha Mzee na woga wake ulikuwa wa haki. Alisema neno moja tu: "Basi lazima nimpate Blu kabla ya Jumamosi. Aje auone mara ya mwisho."

Akaazima baiskeli ya Nicholas.

Jumanne alikwenda Soy. Mtu alikuwa amemwambia kuna mwuza vyungu sokoni, Wanyama, mwenye kidole kimoja kisichokunjika. Kwa kweli, tangu aanze utafiti wake Eliakim alikuwa na tabia ya kukushika mkono akikusalimia na kutouachia mpaka amehesabu vidole. Alimsalimia Wanyama. Kidole kilikuwa pale, kimesimama.

"Wewe ndiye Kidole," Eliakim akamwambia, furaha imemjaa.

"Kila mtu ana kidole," Wanyama alijibu.

"Wewe ulipiga tarumbeta Langas."

"Mimi nauza vyungu. Unataka cha maji ama cha mboga?"

Alinunua cha maji. Alisema kwamba alipokuwa anakifunga kwenye baiskeli alisikia nyuma yake mtu anagonga chungu kingine kwa mahadhi ya harusi, lakini alipogeuka, Wanyama alikuwa anatazama mawingu.

Alhamisi alikwenda Kapseret kwa Hellen Chelimo, aliyetajiwa huko sokoni, mke wa mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wanne wa maziwa. Hellen alikuwa anachuja maziwa, na mume wake alikuwa ameketi kizingitini.

"Mama, mimi natafuta mtu aliitwa Bibi Gunia."

"Gunia?" Hellen alisema kwa sauti ya kufika kwa mume wake. "Hapa gunia ni ya chakula ya ng'ombe. Kuna bwana gunia pia unatafuta?"

Mume wake alicheka sana. Hellen akampa Eliakim kikombe cha maziwa na kumsindikiza mpaka getini, kama mtu anavyomsindikiza mgeni. Pale getini, bila kugeuza kichwa, akauliza, "Ile ukuta bado iko?"

Eliakim alikaribia kuangusha baiskeli. "Bado iko. Mpaka Jumamosi."

"Na mikono bado hakuna?"

"Hakuna. Mama, hiyo mikono iliyofungwa, ni watu wasio na uwezo, ama?"

Hellen alimtazama kwa huruma. "Kijana yangu, yule mtu alikuwa hajui kuchora mkono. Tulimcheka mpaka tukachoka. Ukipata mtu hapo Langas anashindwa kuchora mkono, huyo ndiye." Akafunga geti. "Na mimi sijasema kitu. Nenda na amani."

Alitusimulia haya yote jioni ile kwenye benchi, na nikaona kwamba jambo la mikono lilimwuma kidogo. Halafu akasema, "Hata hivyo huenda anaficha. Mtu wa chuo kikuu anaweza kuchora mkono mbaya kwa makusudi."

Ijumaa alikuja na mfuko mtupu wa simiti, akaupasua akapata karatasi, akaokota makaa kwenye jiko la Mama Angeline, na kumwomba kila mtu aliyekunywa chai achore mkono.

Mama Angeline alichora uma. Nicholas alichora kitu chenye vidole sita, akatetea kazi yake kwamba gumba halihesabiwi. Dereva mmoja wa trekta alikataa kabisa, akasema mkono wake uko hapa, kama unataka kuuona uangalie. Kisha makaa yakanifikia mimi.

Nikachora polepole, kwa bidii yote, nikifikiri kwamba labda baada ya miaka hii yote mkono utatoka.

Nicholas aliinua karatasi. "Fundi Wilson! Hii ni matiti ya ng'ombe!"

Walicheka mpaka Mama Angeline akafuta macho kwa leso. Eliakim pia alicheka. Kisha alipanga karatasi zote chini, akazitazama moja moja, na uso wake ukasawijika.

"Hakuna mtu Langas anajua kuchora mkono," alisema. "Nyinyi wote ni Blu."

Nafasi yangu ilikuwa pale. Ningefungua mdomo tu. Badala yake niliomba andazi jingine, ambalo sikulitaka. Nilikwenda nyumbani nikijiambia kwamba mtu aliyeogopa kusema "ni mimi" kwenye benchi la chai hakustahili kusalimiwa kwa mkono na mtu yeyote.

Jumamosi nilianza kwa Nicholas. Tarumbeta ikaenda, na Nicholas akasema atalala vizuri, ingawa alisema kwa sauti ndogo. Nikaingia kwa Mama Angeline. Bibi harusi akaenda, kanga akaenda. Eliakim alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alinibebea ndoo za maji kutoka kwenye mfereji wa bomba polepole, kama mtu aliye matangani.

Wapaka chokaa wote wanajua jambo hili. Chokaa ukiichanganya na maji tu itakuwa nyeupe siku hiyo, na macho yatafurahi, lakini haishiki. Unyevu ukiingia inajikunja kama utando wa maziwa na kuanguka. Ili ishike unatia chumvi. Mzee Mburu mwenyewe alikuwa ameleta mfuko wa chumvi, akauweka kando ya pipa nisisahau.

Tulipofika chumba cha mwisho, chake, Eliakim aliweka ndoo chini. Akautazama mfuko wa chumvi. Ulikuwa haujafunguliwa.

"Fundi, umesahau chumvi."

"Imeisha," nikasema.

"Hii hapa. Mfuko mzima."

"Hiyo ni ya mboga."

Alinitazama. Wengine wangenyamaza hapo, lakini huyu alikuwa mtu wa idara ya rangi. "Sisi kule kiwandani," alisema polepole, "rangi bila chumvi haishiki kwa kitambaa. Ukiosha, inatoka. Hiyo ndiyo kitu cha kwanza walitufundisha."

Nilichukua kipande cha sabuni ya mche, nikakipitisha juu ya wageni kumi na saba, juu ya mifuko yao yote, ili chokaa iteleze vizuri zaidi wakati wake ukifika. Niliposhuka kwenye kiatu nikasikia sauti yangu ikisema, bila mimi kuipangia:

"Yule ndege ni kanga. Alinishinda tu kichwa."

Sikugeuka, niliona haya.

"Wewe?" Eliakim alisema.

"Nilisimama juu ya magunia."

Akanizunguka akaja mbele. Alinipima kwa macho, kuanzia kofia mpaka viatu, na haikumchukua muda, kwa sababu si mbali. Nilidhani atakasirika kwa miezi ile yote ya chai. Mdomo wake ulianza kutetemeka, nikaona anajizuia, halafu akashindwa. Alicheka akishikilia plaiwudi, mpaka Mama Angeline akauliza kutoka upande wa pili kuna nini huko.

"Hakuna kitu, Mama Angeline! Ni fundi amesimama kwa ndoo!"

Kisha akafuta mkono wake kwenye suruali, ingawa rangi ya kijani haikutoka, akanyoosha. Wangu ulikuwa mweupe wa chokaa. Tukasalimiana. Hakuhesabu vidole.

"Nimeona," akasema.

"Asante," nikasema. Kisha tukapaka ukuta wote, yeye chini, mimi juu ya ndoo.

Jumapili vijana wa chama walipita wakasifu ploti ya Mzee Mburu kwa weupe. Mzee alifurahi akanipa kazi kwenye ploti yake nyingine. Mwezi wa nne mvua ilipoanza, chokaa ya Mama Angeline iliangukia kwenye sufuria ya maziwa. Halafu kwa Nicholas. Halafu kiatu kikarudi, na kidole gumba kikachungulia tena. Wapangaji walipiga kelele kwamba fundi ni mbaya, na Eliakim alipiga kelele kuliko wote, mbele ya Mzee Mburu, bila haya: "Fundi gani huyu? Hata chumvi hajui!" Ile kazi nyingine niliipoteza. Langas nzima jina langu la chokaa likaisha, na mpaka leo kuna watu wanaoagiza fundi kutoka Kapseret wakiniona nimekaa hapa.

Wiki moja baadaye, kabla Mzee Mburu hajapata fundi mwingine, alikuja kijana wa chama mwenye beji na daftari. Mtu alikuwa amempelekea maneno ya ndege. Aliingia kwa Mama Angeline, na sisi tukasimama mlangoni, mimi nikiwa na kikombe changu. Kijana aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Hii ni jogoo?"

"Jogoo gani anakaa hivyo?" Mama Angeline alisema. "Hiyo ni bata mgonjwa."

"Mimi nilifikiri ni kobe," Nicholas alisema.

Kijana alitazama tena, na nikaona anashindwa kuamua. Mchoro wangu mbaya kuliko yote ulisimama pale ukamkatalia kila jina. Mwishowe alicheka kidogo, lakini hakufunga daftari.

"Na nani alichora?"

Eliakim akajipenyeza mbele. Mtu huyu alikuwa ameliendea jina la Blu kwa baiskeli mpaka Soy na Kapseret.

"Mtu mmoja wa zamani," alisema. "Sisi hatukumpata hapa. Lakini mimi nimechunguza sana hiyo picha. Alikuwa mrefu. Futi sita, labda na zaidi. Wa chuo kikuu. Angalia tarumbeta iko wapi."

Kijana alikwenda kwa Nicholas akatazama tarumbeta juu karibu na bati, akakubali kwa kichwa. Akaandika: mrefu sana, msomi, hayupo.

Kisha akafunga daftari, akataka kutoka, na akaniomba mimi nipishe mlangoni.